Mtu wa Kunitazama Nikimeza

Kariakoo kila mtu anakohoa. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa muda mrefu, na lilikuwa jibu zuri kwa sababu lina ukweli ndani yake. Ukikaa kwenye fremu yangu ya duka, katikati ya korido isiyo na dirisha hata moja, unavuta vumbi la katoni, vumbi la vitambaa, moshi wa jenereta na marashi ya wateja, na feni inavizungusha vyote viende na kurudi. Nauza vifungo, zipu na uzi kwa jumla. Mafundi cherehani wa nusu ya jiji hili wananifahamu, na wote wananiita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Sijui kama yupo hata mmoja anayelijua jina langu. Sijawahi kulalamika. Mteja anayelijua jina lako huomba punguzo.

Kwa hiyo nilipoanza kukohoa nilisema ni vumbi. Nikanunua dawa ya maji ya kikohozi. Ilipoisha nikanunua nyingine ya rangi tofauti, nikajiona nimebadilisha matibabu. Mama anayetuuzia chai akanishauri nichanganye tangawizi, limau na asali, nikachanganya. Muuza duka la dawa akanipa vidonge, nikameza vichache, nikaona nafuu, nikaviacha kwenye droo pamoja na vifungo vilivyokosa wenzake. Suruali zikaanza kunilegea. Nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, baadaye jingine, na nikajisifu kwamba hatimaye nimeacha kitambi. Nikiamka shuka limelowa, nalaumu joto la Dar es Salaam, ambalo hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake. Mchaga akiamua kujidanganya, hufanya hivyo kwa bidii ileile anayofanyia biashara.

Hapakuwa na mtu wa kunisuta. Naishi peke yangu, chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili upande wa Msimbazi, na wapangaji wenzangu ni vijana wanaotoka alfajiri na kurudi kulala. Mke wangu yuko nyumbani, Kilimanjaro, na migomba yake na ng'ombe. Watoto wamekua, kila mmoja na mji wake. Desemba napanda basi kama Wachaga wote, nachinja mbuzi, nagombana na ndugu kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, narudi mjini. Na mke wangu tunaongea kila Jumapili baada ya ibada, zaidi kuhusu ng'ombe. Si kwamba hatupendani. Tumezoea tu, na mazoea yana tabu.

Fremu iliyopakana na yangu ni ya Mpare mmoja anayeuza mabegi ya shule na masanduku ya safari. Wachaga na Wapare ni watani, maana yake anaweza kunitukana mbele ya wateja wangu nami nikacheka, na akifiwa nina ruhusa ya kwenda msibani kwake kufanya vituko ambavyo mtu mwingine angepigwa akivifanya. Wao husema Mchaga akifa, kabla ya kumzika mdondoshee sarafu karibu na sikio. Asipoamka, ndiyo ujue kafa kweli. Sisi husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kusikiliza kesi ya kuku. Miaka yote tuliyokaa jirani, mazungumzo yetu yalikuwa hayo. Sikujua ana watoto wangapi. Nilijua tu kwamba ni Msabato, hafungui duka Jumamosi, na nilizoea kumwambia kwamba wenzake wanauza yeye anaimba.

Siku moja mchana wateja walipopungua, nilijilaza juu ya katoni za zipu nyuma ya kaunta. Sikuwa na usingizi. Niliishiwa nguvu tu, kama simu inavyoisha chaji huku unaitazama. Nikamsikia Mpare anaingia, akageuka kuwaita watu wa korido.

"Njooni mwone! Mangi kafa na duka kaliacha wazi!"

Watu wakacheka. Kisha nikasikia sarafu ikigonga sakafu karibu kabisa na kichwa changu. Ikazunguka, ikalala. Nilitaka kuinuka. Jibu nilikuwa nalo tayari, kwamba Mpare hawezi kudondosha sarafu bila kuifunga uzi. Mwili ukakataa. Nikaweza kufungua macho tu na kumtazama.

Watu waliendelea kucheka, yeye akaacha. Akachuchumaa, akaniwekea kiganja shingoni kama mama anavyopima homa ya mtoto.

"Mangi, unakohoa tangu lini?"

"Vumbi."

"Sijakuuliza vumbi. Nimekuuliza tangu lini."

Sikukumbuka. Akawafukuza watu, akanifungia duka mwenyewe, na asubuhi yake akanifikisha hadi kwenye geti la kituo cha afya, akasimama pale mpaka alipoona nimeingia. Nadhani alijua kwamba angeniacha njiani ningerudi kufungua.

Kliniki ya kifua kikuu iko nyuma kabisa ya kituo, mbali na wodi ya wazazi. Wagonjwa hukaa kwenye mabenchi chini ya bati, hakuna kuta, ili upepo upite. Niliwatazama waliokaa pale nikashangaa ni wangapi nilikuwa nawajua kwa sura: kijana anayesukuma mkokoteni wa maji, mwanamke anayepanga nyanya barabarani, mzee mmoja wa duka la vyombo ambaye siku zote nilidhani ana majivuno kwa sababu haongei na mtu. Tuliangaliana, tukakubaliana bila maneno kwamba hatujaonana.

Nilitema makohozi kwenye kikopo, nikatolewa damu pia, maana TB na virusi vya UKIMWI hupenda kutembea pamoja. Majibu ya damu yalikuwa salama. Niliona aibu kwa jinsi nilivyofurahi mbele ya watu ambao pengine yao hayakuwa hivyo. Majibu ya makohozi hayakuwa salama. Nesi alikuwa mdogo, umri wa binti yangu wa mwisho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, ni TB. Usishtuke, inatibika. Ila ni miezi sita, kila siku, bila kuruka hata siku moja. Ukiacha katikati wadudu wanakuwa sugu, na hapo tutaongea mambo mengine."

Nikasema sawa. Nilidhani tumemaliza. Miezi sita si mingi kwa mtu ambaye amekaa Kariakoo miaka kama yangu.

"Sasa nani atakuwa msimamizi wako?"

"Msimamizi wa nini?"

"Wa dawa. Mtu wa kukutazama ukimeza, kila siku. Si kwamba hatukuamini, baba, ndiyo utaratibu. Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Mama?"

"Yuko Kilimanjaro."

"Mtoto? Ndugu? Jirani?"

Simu yangu imejaa namba za watu: mafundi, mawakala wa mizigo, madereva wa malori, mwenye pango, katibu wa jumuiya ya watu wa kwetu. Nikizipiga zote leo, wengi watapokea. Nilizipitia kichwani mwangu moja moja, nikitafuta mtu ambaye ningemwambia, njoo kila asubuhi unitazame mdomoni. Sikumpata. Nimepata kuibiwa mzigo mzima bandarini, na nimepata kuunguliwa duka, lakini sikumbuki siku niliyojiona maskini kama pale mbele ya binti yule aliyeshika kalamu akisubiri jina.

"Nenda kafikirie, baba," akasema. "Leo meza mbele yangu. Kesho njoo naye."

Nilikuwa na mdogo wangu Magomeni. Nilimpokea mimi alipokuja mjini, nikamfundisha kazi, na harusi yake nilisimamia. Nikaenda kwake jioni ileile. Tukakaa sebuleni, nikamweleza kwa sauti ya chini, lakini nyumba zetu zinasikia. Shemeji akaleta chai. Mdogo wangu aliletewa kwenye kikombe cha maua cha siku zote. Mimi nililetewa kwenye kikombe cha plastiki cha kutupa, vile vya shughulini. Aliniwekea mezani kwa upole kabisa, akasema, "Karibu chai, shemeji," na nilipomaliza akakichukua kwa ncha za vidole, akakiviringisha kwenye gazeti.

"Kaka, si unajua foleni ya asubuhi ilivyo," mdogo wangu alisema. "Kutoka huku mpaka Kariakoo kila siku, halafu nirudi Posta kazini... Labda tutafute mtu tumlipe."

Watu husema damu nzito kuliko maji. Siku hiyo yetu ilikuwa nyepesi kuliko ile chai. Nimejaribu mara nyingi kusema kwamba simlaumu, kwamba ana wajukuu ndani ya nyumba na kila mtu anaogopa asichokijua. Namlaumu. Nesi alikuwa ameniambia kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa vikombe, unakwenda kwa hewa, na nilimweleza hivyo mdogo wangu kabla chai haijaja.

Asubuhi Mpare alinikuta nimeketi mbele ya duka, sijafungua.

"Wamesemaje?"

Nilitaka kusema vumbi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kilishanidondoshea sarafu. Nikamwambia. Nikategemea arudi nyuma hatua moja, kama binadamu. Hakurudi. Nikamwambia na ya msimamizi, na ya Magomeni, nikaruka habari ya kikombe.

"Kwa hiyo wanataka mtu wa kukuona ukimeza, aje aseme kweli nimemwona."

"Ndiyo."

"Huyo anaitwa shahidi."

"Haya, shahidi."

"Mangi, una akili kweli? Umepakana ukuta na Mpare, halafu unapanda gari kwenda kutafuta shahidi Magomeni?"

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Akageuza uso pembeni, akasubiri kiishe. Kisha tukaenda kliniki, akaandikwa, akapimwa na yeye kwa kuwa tulikuwa tunavuta hewa moja muda wote huo. Alikuwa mzima. Alimwuliza nesi kama ushahidi wake utahitaji kiapo.

Nilikaa nyumbani wiki za mwanzo, kama nilivyoelekezwa. Alikuja mpaka chumbani kwangu kabla ya kufungua duka lake, tukasimama uani penye hewa. Niliporudi kazini nilivaa barakoa. Haikumshangaza mtu, tangu corona kila mmoja ana sababu zake. Alinilazimisha nibadilishane nafasi na yeye, fremu yake ikiwa karibu zaidi na mdomo wa korido unakopita upepo. Tulihamisha zipu na masanduku siku nzima, tukitukanana, na wabeba mizigo waliotusaidia walidhani tumegombana kuhusu mpaka.

Kila asubuhi aliingia, akashusha mlango wa chuma nusu, akakaa juu ya katoni. Mimi nikameza.

"Fungua. Nyanyua ulimi. Kulia. Kushoto. Haya, mahakama imeridhika."

Korido ikaanza kuuliza. Watu wa Kariakoo wanaweza wasijue jina lako, ila wakiona mlango umeshuka nusu saa za kazi wanataka kujua kwa nini. Hili nililiogopa. Mafundi wangu wangesikia TB, wangesikia na lile jingine ambalo halipo, na wangenunua vifungo mtaa wa pili. Mama wa chai ndiye aliyethubutu kumwuliza Mpare hadharani.

"Ninyi kila siku mnafungiana, kuna nini?"

"Kesi," Mpare akajibu. "Huyu alikula kuku wangu mwaka juzi. Namhoji kidogo kidogo."

Walicheka, na kwa kuwa alikuwa Mpare waliamini nusu. Baada ya muda waliamini yote. Mteja mmoja alinivuta pembeni akanishauri nimlipe tu huyo kuku yaishe, akisema Wapare anawajua. Siri yangu ilikaa ndani ya utani ule muda wote, na hakuna aliyeifungua.

Dawa zenyewe hazikuwa na utani. Mkojo unabadilika kuwa mwekundu. Nesi alinitahadharisha, hata hivyo siku ya kwanza nilipiga kelele, nikamwaga ndoo nzima ya maji ili anayefuata asidhani mtu amechinjwa chooni. Kichefuchefu kilinishika, kikafuatiwa na njaa, njaa ya ajabu, nikala ugali wa watu wawili. Viungo viliuma. Lakini nikisema miezi ile ilikuwa mibaya nitakuwa mwongo. Baada ya kumeza, Mpare alikuwa haondoki papo hapo. Aliuliza, "Umelala?" Aliuliza, "Jana umekula nini?" Nilipojibu wali maharage, alitaka kujua wapi, na kama walinipa na mboga ya majani. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna watu wanaulizwa wamekula nini. Siku nyingine alinitazama tu akasema macho yako leo yamechoka, na nilishangaa kwamba macho yangu yana kitu cha kuonwa.

Nikaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Nikanunua pasi. Shati nililokuwa nalivaa kwa kulikung'uta, nikawa nalinyoosha kola. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu kwamba mtu anakuja kunitazama.

Jumamosi alikuja na suti ya kijivu na Biblia kwapani, akiwa njiani kwenda kanisani. Duka lake limefungwa, korido imejaa wanunuzi, yeye anapita katikati yao na suti yake mpaka kwangu.

"Leo si ni Sabato?" nikamwuliza mara ya kwanza. "Kazi si marufuku?"

"Kumtazama Mchaga akifungua mdomo bila kuomba hela siyo kazi. Ni muujiza. Meza."

Ulifika wakati nikajiona nimepona. Kikohozi kilikwisha, mkanda ulirudi kwenye tundu la zamani, nilipanda ngazi na katoni mbili begani. Vidonge vilianza kuniudhi. Asubuhi moja nilivisukuma kwenye shavu, nikanywa maji, nikafungua mdomo haraka haraka. Kulia. Kushoto. Mpare hakusema mahakama imeridhika. Aliketi tena, akakunja mikono.

"Endelea tu," akasema. "Mimi nina muda. Kesi za Wapare hazina haraka."

Vidonge vile vikiyeyuka mdomoni ni vichungu kupita maelezo. Nilivumilia kidogo, nikashindwa, nikameza. Nilitegemea acheke. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nilikuwa na mdogo wangu Mererani," akasema. "Machimboni. Alianza dawa hizihizi, akaona nafuu, akazificha kwenye kiatu, akarudi shimoni. Simu nilikuwa napiga kila siku. Umemeza? Nimemeza, kaka. Nilikuwa nauliza simu, Mangi. Sikuwa namwona mdomoni."

Akanyanyua mlango, akaenda kwenye masanduku yake. Tangu siku hiyo sikuwahi kuficha kidonge. Na yeye hakuwahi kurudia habari ile, wala sikumwuliza. Siku iliyofuata alikuwa yuleyule wa kulia na kushoto, na nilifanya kama sikusikia kitu. Utani una faida hiyo. Mtu anaweza kufunua jeraha lake na kulifunika, na mwenzake akamwacha.

Mke wangu nilimwambia mapema, kwa simu. Alilia kidogo, akasema, "Baba, njoo nyumbani, dawa hata huku zipo." Alirudia Jumapili nyingi. Na kweli zipo, nesi angeweza kunihamisha kwa karatasi moja. Nilisema biashara, nikasema msimu wa shule, nikasema mzigo uko bandarini. Sikumwambia kwamba kuna Mpare hapa anakuja kila asubuhi. Ningemwelezaje? Tumelala kitanda kimoja Desemba zote hizo, na sikumbuki kama tumewahi kutazamana hivyo.

Siku ya mwisho tulikwenda kliniki wawili. Nesi aliangalia majibu, akatabasamu, akasema, "Baba, umepona. Hongera sana," na wale waliokuwa kwenye mabenchi wakapiga makofi, ndiyo desturi ya pale, wanampigia makofi anayemaliza. Mzee wa duka la vyombo alikuwepo, na yeye alipiga, akitazama pembeni. Nesi akamshukuru Mpare, akamwambia watu kama yeye ni wachache. Mpare akasema anataka kuku wake.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani tangu wiki iliyopita, mazuri kabisa. Tulipofika kwenye korido akanipa mkono, jambo ambalo hatukuwahi kufanya.

"Haya Mangi, kesi imekwisha."

"Imekwisha," nikasema, na badala ya yale maneno nikatoa funguo mfukoni.

Alikaa kidogo pale mlangoni, akitazama vifungo vyangu kana kwamba anataka kununua. "Angekuwa na umri kama wako sasa hivi," akasema. "Kasoro kidogo." Akaenda kwake. Nilisimama na funguo mkononi. Hapo ndipo wazo liliponiingia, na halijanitoka mpaka leo: labda miezi yote ile hakuwa anakuja kwangu. Alikuwa anakuja kwa mtu aliyebaki Mererani, na mdomo aliokuwa anautazama ulikuwa wangu kwa bahati tu. Sina haki ya kulalamika. Uhai nimepewa. Lakini liliniuma, na bado linauma.

Nikampigia mke wangu, si Jumapili. Alishangilia, akamshukuru Mungu, akaita majirani wasikie. Kisha akarudi kwenye simu.

"Basi vizuri, baba. Kama umepona, huna haja ya kuhangaika kuja. Tutaonana Desemba." Akaniambia ng'ombe amezaa, dume.

Kwetu mgonjwa hutembelewa. Hata adui yako akiugua unakwenda kumjulia hali, unakaa ukingoni mwa kitanda, unamwuliza amelalaje na amekula nini, unamtazama usoni. Hakuna anayekwenda kumjulia hali mtu mwenye afya. Huyo husalimiwa kutoka barabarani. Ni haki, hatuwezi kukaa vitandani kwa watu wazima wenye nguvu zao. Nasema tu kwamba niliingia kliniki ile nikidhani kwamba nimelaaniwa, na nilipopigiwa makofi nilitamani, Mungu anisamehe, wanipe mwezi mmoja zaidi.

Asubuhi iliyofuata niliwahi kufika. Nilikuwa nimenyoa, na shati nimelipiga pasi. Nikafagia, nikapanga uzi kwa rangi, nikaacha mlango umeshuka nusu. Nikamsikia anakuja kwenye korido, namjua kwa viatu vyake, anagombana na mbeba mizigo aliyepaki mkokoteni vibaya. Viatu vikafika mlangoni kwangu vikapunguza mwendo. Niliviona chini ya mlango, vyeusi, vimepigwa rangi. Nikajipangia cha kusema: ingia, kaa kidogo, nina chai. Ni maneno mepesi, watu wanayasema kila siku. Sikujua mtu asiyeumwa anayasemaje.

"Mangi!" akaita kutoka nje. "Mzima?"

"Mzima," nikajibu.

"Haya. Mungu ni mwema."

Akapita. Nikasikia mlango wake wa chuma ukipanda, na masanduku yakianza kutolewa nje.